Lenzi ya Babu Imenasa Kwenye Kamera Iliyokufa: Itolewe Vipi?

"Shikamoo fundi. Niko Tanga, Ngamiani. Marehemu babu alikuwa akipiga picha za harusi na za vitambulisho. Tumekuta kamera yake, Zenit-E, kwenye sanduku la mbao lililoingia maji ya mvua. Bodi imeshika kutu, pazia la shata limechanika, na mkono wa kuvutia filamu haujongei. Lenzi imeandikwa Helios-44-2, 2/58, na namba yake inaanza na 76. Ndani naona kitu kama utando wa buibui. Nimeizungusha itoke kwenye bodi mpaka mkono umeuma, imegoma. Mimi napiga picha kwa kamera ya dijitali ya Canon DSLR yenye sensa ndogo, natamani niitumie lenzi hiyo. Fundi simu amenishauri niifukie kwenye mchele, kisha nisugue kioo kwa dawa ya meno. Mwingine anasema niitupe, eti fangasi wataambukiza lenzi zangu zote, na kwamba lenzi ya filamu haifanyi kazi kwenye dijitali. Kaka yangu naye anataka kufungua kikamera kingine cha babu, kidogo, chenye flashi ndani yake, apate lenzi ya pili. Tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na babu. Kabla ya yote, nenda kamwambie kaka yako aweke bisibisi chini. Kikamera chenye flashi ndani kina kapasita, kidude mfano wa betri ndogo ya duara, kinachohifadhi umeme wa flashi wa takribani volti 300. Kutoa betri hakuuondoi umeme huo mara moja. Mtu anaingiza bisibisi akidhani anafungua kichezeo, anapigwa shoti ya kumtupa mkono, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo si jambo la kujaribu. Na faida yenyewe ni ndogo. Lenzi ya kikamera cha namna hiyo ni kioo kidogo kilichojengwa pamoja na shata yake, haina pete ya fokasi wala apecha, yaani tundu la kupitisha mwanga, ya kuzungusha kwa mkono. Hicho kiacheni kizima.

Sasa turudi kwenye Zenit, maana hapo kuna mali. Zenit-E haina flashi ndani, na kipimo chake cha mwanga, kile kidirisha chenye vioo vidogovidogo juu ya lenzi, kinaendeshwa na seleniamu bila betri yoyote. Kwa upande wa umeme uko salama. Hatari iliyobaki ni ya haraka yako mwenyewe. Nimeshika kamera nyingi zilizoletwa baada ya mwenyewe kujaribu nyumbani, na nakwambia kwa uhakika: zinazokufa mkononi mwa mtu ni nyingi kuliko zilizouawa na maji. Kwa hiyo kila hatua nitakayokueleza jiulize kwanza, je, hiki kinalazimika kufunguliwa? Kama hakilazimiki, kiache.

Anza kwa kuijua lenzi yako. Helios-44-2 ina urefu wa fokasi wa milimita 58 na apecha ya f/2, yaani tundu lake likiwa wazi kabisa. Ilitengenezwa Muungano wa Kisovieti kwa mfano wa lenzi ya Kijerumani iitwayo Biotar, na ilitolewa kwa wingi mno, ndiyo maana mpaka leo unaikuta kwenye masanduku ya mababu. Hiyo 76 mwanzoni mwa namba kwa kawaida ni mwaka, yaani 1976. Ndani ina vioo sita: kimoja mbele, viwili vilivyogundishwa pamoja, halafu vibati vinane vya apecha, tena viwili vilivyogundishwa, na kimoja nyuma. Ushike mpangilio huo kichwani, tutauhitaji tukifika kwenye fangasi.

Hoja ya kwamba lenzi ya filamu haifanyi kazi kwenye dijitali haina ukweli. Kazi ya lenzi ni kukunja mwanga ili picha itue mahali fulani nyuma yake. Mahali hapo pakiwepo filamu au sensa, kile kipande kinachopokea picha kwenye dijitali, kioo hakijui tofauti. Kinachoamua ni umbali. Zenit yako inatumia uzi wa skrubu wa M42, maana yake kipenyo cha milimita 42, na lenzi za uzi huo zimepimwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Kwenye Canon DSLR, kutoka pete ya kushikia lenzi mpaka kwenye sensa ni milimita 44. Toa moja kwa nyingine unabaki na milimita 1.46, na huo ndio unene wa adapta, kipete chembamba cha chuma. Ukikifunga, lenzi inakaa palepale ilipozoea kukaa na inafokasi kutoka nusu mita mpaka mwisho wa macho.

Ungekuwa na Nikon DSLR ningekupa jibu jingine. Umbali wake ni milimita 46.5, yaani lenzi inakaa mbele zaidi ya inavyotakiwa hata kabla ya kuweka adapta. Ukipiga hesabu, hata adapta ingekuwa haina unene kabisa, Helios hii isingefokasi kitu kilicho mbali zaidi ya mita tatu na kitu. Kwa hiyo wenye Nikon huuziwa adapta yenye kioo ndani, na kioo hicho cha bei rahisi ndicho kinachoharibu picha. Wewe adapta yenye kioo usiipokee hata ukipewa bure. Jambo moja la kuhakikisha lenzi ikishatoka: pima uzi wake kwa rula. Zenit-E za mwanzomwanzo zilikuwa na uzi wa milimita 39. Ukikuta ni 39 usihuzunike, kuna pete ya kuongeza kutoka 39 kwenda 42. Ila usije ukachanganya na lenzi za FED au Zorki, kamera nyingine za Kisovieti, ambazo nazo ni 39 lakini zimepimwa zikae milimita 28.8 tu kutoka kwenye filamu. Hizo kwenye DSLR hazitafokasi kitu chochote cha mbali, na watu wengi wamepoteza pesa hapo.

Haya, kuitoa. Lenzi hii inatoka kwa kuizungusha kinyume na mwendo wa saa ukiwa unaitazama kutoka mbele. Nina shaka kubwa kuwa ulishika mahali pasipo. Kutoka mbele kuja nyuma kuna pete mbili za apecha, kisha pete pana ya fokasi, na mwisho kabisa, imegusana na bodi, kuna pete nyembamba yenye namba za kuonyesha kina cha picha. Hiyo ya mwisho ndiyo imeungana na uzi. Ukishika pete ya fokasi na kuikaza, inazunguka mpaka inagota, na nguvu yako yote inaishia kwenye kizuizi kidogo cha ndani. Kizuizi hicho kikikatika, umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kama ulifanya hivyo, zungusha fokasi taratibu uone bado inagota pande zote mbili. Ikigota, hujaumiza kitu.

Kilichoibana ni alumini iliyoliwa na unyevu wenye chumvi. Alumini haitoi kutu nyekundu kama chuma. Inatoa unga mweupe, na unga huo unajazana kwenye uzi na kuvimba mpaka unabana kama gundi. Laza kamera chali, lenzi ikitazama juu. Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 au mengine yoyote, uguse kwenye mshono kati ya lenzi na bodi, tone dogo hapa, tone dogo pale, kuzunguka mshono wote. Usipulizie kutoka kwenye kopo hata kidogo. Mafuta yakienda ovyo yanatambaa mpaka kwenye vibati vya apecha, vinashikana, na hapo lazima lenzi ifunguliwe yote. Kamera ikilala chali, mafuta yanashuka kwenye uzi na kuingia kwenye bodi ambayo hata hivyo imeshakufa. Iache usiku kucha.

Asubuhi nenda kwa fundi baiskeli, na Tanga hukosi mmoja kila kona, umuombe kipande cha tyubu kuukuu. Kikate upate ukanda wa upana wa kidole, ukioshe na sabuni kikauke, kisha ukizungushie kwa nguvu ile pete nyembamba ya mwisho. Mpira wa tyubu unashika chuma kuliko glavu yoyote niliyowahi kutumia, na haukwaruzi. Mkono mmoja ushike bodi, mwingine ushike mpira. Usianze kwa kufungua. Anza kwa kukaza kidogo sana, kisha fungua, kisha kaza, kama mtu anayetikisa jino. Huo mtikiso ndio unaovunja ule unga. Ikigoma, pasha pete ya bodi joto kwa draya ya nywele dakika mbili tatu, joto ambalo kidole chako kinaweza kulivumilia, ujaribu tena. Ukishajaribu siku mbili mfululizo imekataa, simama. Hatua inayofuata ni kukata bodi kuizunguka lenzi, na vumbi la chuma likiingia kwenye uzi wa fokasi ni balaa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye meza yake.

Ikishatoka, usikimbilie kufungua vioo. Fungua apecha mpaka f/2, zima taa, washa tochi nyuma ya lenzi na utazame kutoka mbele kwa pembe. Vumbi litaonekana kama nukta. Sahau kabisa kuhusu vumbi, kila lenzi ya umri huo inalo na halionekani kwenye picha. Fangasi wanaonekana kama ulivyosema, vinyuzi vinavyotawanyika kutoka mahali pamoja kama mizizi. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni mvuke wa grisi ya zamani, na huo mara nyingi unafutika. Ukiona madoa yanayong'aa rangi za upinde wa mvua yakianzia ukingoni, hiyo ni gundi kati ya vile vioo viwili vilivyounganishwa inaachia. Kwa hilo usiguse chochote. Kutenganisha na kugundisha upya vioo kunataka vifaa vya kupimia mstari wa kati wa kioo, si kazi ya nyumbani.

Fangasi wenyewe hawali kioo. Wanakula vumbi, mafuta ya vidole na grisi iliyotua juu ya kioo, na wanahitaji unyevu. Hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Tatizo ni kwamba wakati wanaishi wanatoa asidi, na asidi hiyo taratibu inachora tabaka la kuzuia mng'ao lililopakwa juu ya kioo. Tabaka la namna hiyo huwa na unene wa takribani nanomita 100, maana yake ungehitaji elfu kumi ya hayo, moja juu ya jingine, kufikia milimita moja. Sasa pima mwenyewe ushauri wa dawa ya meno. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia. Itaondoa fangasi, kweli, na itaondoka na tabaka lote pamoja nao, kisha ikuachie kioo chenye mikwaruzo ya duara inayowaka kila ukielekea kwenye mwanga. Huyo aliyekushauri hakuwa na nia mbaya, mbinu hiyo wanaitumia kwenye plastiki ya taa za gari. Lenzi ni kitu kingine.

Mchele nao uache jikoni. Hauvuti unyevu wa maana kutoka ndani ya lenzi iliyofungwa, na unga wake unaingia kwenye pete na kuwa chakula kipya cha fangasi haohao. Kuna watu pia watakwambia uianike juani. Miale ya jua inaweza kuua fangasi lakini haiwaondoi kwenye kioo, na lenzi iliyoachwa wazi juani inakusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto. Nimeona meza ya mbao imetobolewa tundu jeusi kwa namna hiyo.

Kuhusu kuambukiza, mwenzio amechanganya ukweli na hofu. Mbegu za fangasi zimejaa hewani, hata sasa ziko juu ya lenzi zako zote. Kinachoamua kama zitaota ni unyevu. Lenzi ya babu ikisafishwa na kukaushwa haitishi kuliko nyingine. Ila kabla haijasafishwa, usiifungie mfuko mmoja na za kazi. Hilo ni busara tu.

Kusafisha kunategemea fangasi wako upande gani. Kama wako juu ya kioo cha mbele au cha nyuma kabisa, upande wa nje, hiyo ni kazi ya dakika kumi: puliza vumbi kwa pampu ya mpira, lowesha kijiti cha pamba kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, pitisha kwa wepesi kutoka katikati kwenda nje, pumzika dakika moja, kisha futa kwa pombe ya isopropili na kitambaa safi cha miwani. Spiriti ya rangi ya zambarau isitumike, inaacha madoa. Wako wanaochanganya peroksaidi na amonia, na inafanya kazi vizuri, lakini moshi wake unachoma macho, na amonia ikikutana na Jik inatoa gesi ya sumu. Nyumbani kwenye watoto, peroksaidi peke yake inatosha.

Kama wako ndani, karibu na apecha, ambako ndiko wanakopenda zaidi, kioo cha nyuma pamoja na kile cha jozi vinafunguka kutoka nyuma kwa spana ya lenzi, ile yenye ncha mbili zinazoingia kwenye mifereji ya pete. Mkasi au bisibisi ukiteleza hapo unachora kioo moja kwa moja. Usipokuwa na spana, nenda kwa fundi saa mjini. Ana vifaa vyembamba, ana lenzi ya jicho, na mkono wake hautetemeki. Mwombe afungue kundi la nyuma tu, wewe usafishe hapohapo, naye afunge. Kila kipande kinachotoka piga picha kwa simu kabla ya kukiweka chini, na andika kimetazama upande gani.

Pasipoguswa ni pale pete ya fokasi inapoachana na bodi ya lenzi. Ndani ya pale kuna uzi wenye mianzo mingi. Unaweza kuingia mahali kadhaa na kuonekana umekaa vizuri, kumbe ni mahali pamoja tu ndipo lenzi inafokasi sawasawa. Nikiwa mwanafunzi wa kazi hii nilitenganisha mmoja bila kuweka alama ya penseli mahali ulipoachia, na ilinichukua siku nzima kuupata mwanzo sahihi, mteja akinisubiri kwenye benchi. Mpaka leo sikosi kuweka alama.

Utumie lini hiyo lenzi? Nitakwambia bila kukupamba: kwa kazi ya harusi inayokimbia, bibi harusi anaingia ukumbini, vigelegele, watu wanasukumana, usiitegemee. Fokasi ni ya mkono, na kwenye f/2 ukikosea sentimita chache jicho linakuwa ndani ya ukungu. Kwenye sensa yako milimita 58 inabana picha kama vile milimita 93 zingebana kwenye filamu, kwa hiyo ndani ya chumba kidogo utagonga ukuta kwa mgongo. Lakini picha ya mtu mmoja ametulia, mita mbili au tatu kutoka kwako, nyuma yake majani ya mwembe au mwarobaini yenye vitundu vya mwanga, hapo lenzi hii inafanya kitu ambacho lenzi zako mpya hazifanyi. Ile nyuma inazunguka kama maji kwenye kisima, na uso unabaki katikati umetulia. Alama zilizobaki za fangasi hazitaonekana kama mistari kwenye picha, kwa sababu ziko kwenye kioo chenyewe, karibu mno kuweza kufokasiwa. Zitapunguza kidogo weusi wa vivuli na kuleta ukungu ukipiga ukielekea jua. Wapo wanaolipenda hilo.

Kwa fedha tupu, ukijumlisha adapta, spana na malipo ya fundi, unaweza kufikia bei ya Helios nyingine iliyo safi, maana ziko nyingi duniani. Ukiwa unataka lenzi tu, nunua nyingine. Ukiwa unataka kupiga picha kupitia kioo alichopigia babu, basi gharama hiyo ina maana, na mimi ningeilipa.

Ukishafunga adapta, weka kamera kwenye M (kila kitu kwa mkono) au Av (kamera inachagua kasi ya shata), washa skrini badala ya kutazama kwenye tundu, na ukuze picha mara tano au kumi unapofokasi. Ile pete ya kwanza ya apecha ni ya kuchagua kikomo, ya pili ndiyo inayofunga na kufungua; fokasi kwanza apecha ikiwa wazi, kisha ifunge, kisha piga. Kwa kujaribu umbali, nenda ufukweni jioni moja, elekeza Kisiwa cha Toten na uzungushe fokasi mpaka kwenye alama ya nane iliyolala. Miti ya kule ikiwa mikali kwenye skrini, adapta ni sahihi. Ikikaribia kuwa mikali lakini haifiki, adapta ni nene kuliko inavyopaswa. Rudisha dukani kabla ya kumlaumu babu.

Ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli za kutosha, na uzikaushe upya zikibadilika rangi. Kama Zenit ilikuwa na mkoba wake wa ngozi, lenzi usiirudishe humo hata kama unapendeza. Ngozi ile imehifadhi unyevu wa lile sanduku, na unyevu ndio unaootesha fangasi. Bodi ifute, uiweke kabatini na mkoba wake, mbali na chombo cha lenzi.